Katharina von Bora, Shamba Lake na Wageni Wake

Wahubiri wetu hupenda kuchota maneno katika kitabu cha mazungumzo ya mezani ya Martin Luther, kilichopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1566, miaka 20 baada ya kufa kwake. Humo twawaona wanafunzi na wageni wameizunguka meza. Mwalimu anasema, nao wanaandika. Maneno yale yamevuka bahari yakatufikia sisi. Lakini ni wachache waulizao habari ya chakula kilichokuwa juu ya meza ile: kililimwa wapi, kilipikwa na nani, na fedha za kukinunua zilitoka wapi. Tukiuliza hayo twakutana na mwanamke aliyelima, aliyefuga, aliyepika pombe, aliyevua samaki, na aliyelaza wageni katika mji wa Wittenberg, nchi ya Ujerumani, kwa muda wa zaidi ya miaka 20.

Tumeona vema kuieleza habari hii kwa urefu, kwa sababu nyumba nyingi za Wakristo hupokea wageni, hasa nyumba za wachungaji na walimu, na desturi ni ile ile kila mahali: sifa za ukarimu humwendea aketiye mezani, na kazi humwangukia yule asiyepata nafasi ya kuketi.

Katharina alizaliwa mwaka 1499 katika ukoo wa watu wa cheo uliokuwa umepungukiwa mali. Akiwa mtoto mdogo alipelekwa kulelewa na watawa, na mwaka 1515 akaweka nadhiri katika nyumba ya watawa ya Nimbschen. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1523 yeye na wenzake walitoroka usiku, wakisaidiwa na Leonhard Koppe, mfanya biashara wa mji wa Torgau, ambaye alizoea kuleta bidhaa katika nyumba ile. Watu husimulia kwamba walifichwa ndani ya mapipa ya samaki. Hayo ni masimulizi, tusiyashike sana. Jambo la hakika ni kwamba tisa kati yao walifika Wittenberg bila mali yo yote, na Luther akawatafutia makao na waume. Aliyebaki mwisho alikuwa Katharina. Tarehe 13 Juni 1525 akaolewa na Luther mwenyewe. Bwana alikuwa na miaka 41, bibi miaka 26.

Nyumba waliyoingia haikuwa nyumba ya watu wawili. Ilikuwa nyumba ya zamani ya watawa wa shirika la Augustino, jengo kubwa lenye vyumba vingi, ambalo wenyewe walikuwa wamekwisha kuliacha. Luther alikuwa akikaa humo karibu peke yake, na baadaye alisimulia ya kuwa kitanda chake kilikaa mwaka mzima pasipo kutandikwa. Mtawala wa Saxony aliwaachia jengo hilo, na mwaka 1532 likaandikwa katika hati kuwa ni mali yao na ya watoto wao. Pamoja na nyumba ilikuja haki ya kupika pombe ya shayiri. Jambo hilo si dogo, maana katika miji ile pombe hafifu ilinywewa na watu wote kila siku, kama sisi tunywavyo chai, wala si kila nyumba iliyoruhusiwa kuipika.

Mshahara wa Luther baada ya kuoa ulikuwa gulden 200 kwa mwaka (ndiyo sarafu ya nchi ile), na baadaye ukaongezwa. Kwa vitabu vyake hakupokea cho chote, ingawa wapiga chapa walijipatia mali nyingi kwavyo. Tena mkono wake ulikuwa mwepesi wa kutoa. Katika barua moja alimwahidi rafiki yake kikombe cha thamani walichopewa arusini, na kabla ya kuifunga barua ikamlazimu kuongeza kwamba kikombe hakionekani, Katharina amekificha. Wengine hucheka wakisikia hayo. Sisi twaona kwamba mwanamke yule alikuwa amekwisha kuihesabu midomo. Kutoa ni moyo, wazee wamesema kweli. Lakini ajuaye kilichobaki ghalani ni yule mwenye ufunguo.

Basi akaanza na udongo. Mwaka 1526 palikuwa na bustani na kisima kipya karibu na nyumba, na Luther aliwaandikia marafiki wa miji mingine akiomba mbegu. Baadaye ikanunuliwa bustani nyingine, penye kijito na bwawa la samaki. Luther hakutaka kuinunua. Aliandika kwamba alishindwa na maombi na machozi ya mkewe. Lakini samaki walipoletwa mezani alikiri ya kuwa Katharina aliwafurahia samaki wake wachache kuliko mabwana wakubwa wafurahiavyo mabwawa yao makubwa. Baada ya mboga walikuja kuku, na baada ya kuku nguruwe na ng'ombe. Ye yote aliyepata kuanza na mbuzi mmoja ajua jinsi mambo hayo yaendavyo: mnyama wa kwanza hutafuta nyasi, wa tano hutafuta mchungaji, na wa kumi hutafuta shamba.

Je, ni akina nani waliokula katika nyumba ile? Kwanza watoto wao wenyewe, sita waliozaliwa katika muda wa miaka minane: Hans 1526, Elisabeth 1527, Magdalena 1529, Martin 1531, Paul 1533, na Margarete 1534. Pamoja nao palikuwa na watoto wa ndugu za Luther waliofiwa na wazazi. Palikuwa na shangazi yake Katharina, naye jina lake Magdalena, aliyekuwa mtawa pamoja naye Nimbschen, na ambaye watoto walimzoea kama bibi yao. Palikuwa na mtumishi Wolf, mtu mpole asiye na haraka. Tena walikuwako wanafunzi waliopanga vyumba na kula kwa malipo, na wengine wasio na kitu waliokula bila malipo. Malipo ya wapangaji yalikuwa pato kubwa la nyumba, nalo lilikuwa mikononi mwa Katharina. Aliwadai waziwazi, na kwa sababu hiyo wako walionung'unika kwamba apenda fedha. Ni vigumu kuona angewezaje kuwalisha wasiolipa kama asingewadai wenye kulipa.

Halafu wageni. Mara baada ya arusi, wakati wakulima wa Ujerumani walipokuwa wameinuka katika vita, Andreas Karlstadt, aliyekuwa amekwisha kuwa mshindani mkali wa Luther, alikuja kuomba kimbilio, naye akafichwa humo kwa majuma kadha. Bibi arusi alianza maisha yake ya nyumbani kwa kumpikia adui ya mumewe. Mwaka 1537 Elisabeth, mjane wa mtawala wa Brandenburg, aliyekuwa ameikimbia nchi ya mumewe kwa ajili ya imani, alikaa katika nyumba ile miezi mingi akiwa mgonjwa, na Katharina akaketi kando ya kitanda chake kumwuguza. Kati ya hao wawili walipita wengine wengi: watawa waliotoka katika nyumba zao, wachungaji waliofukuzwa, wajumbe wa miji, na watu waliokuja tu kumwona Luther ana sura gani.

Yako majira ambayo wageni walikuwa wagonjwa watupu. Mwezi wa Agosti 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kikahamishiwa Jena, na wengi wakakimbia. Luther alikataa kuondoka, na nyumba ikawa hospitali. Katharina alikuwa mja mzito, na mtoto wake Hans akaugua. Mtoto wao Elisabeth alizaliwa tarehe 10 Desemba, wakati tauni ilipokuwa ikianza kupungua. Luther alipowapelekea rafiki habari, alisema kwamba waliokufa katika nyumba yake walikuwa nguruwe watano. Maneno hayo yana furaha ndani yake, maana watu walipona. Lakini mke wa nyumba alijua nguruwe watano ni nyama ya siku ngapi. Na kitoto Elisabeth hakuumaliza mwaka. Alizikwa Agosti 1528.

Sasa tusome barua moja ya Luther, si kwa maneno yake bali kwa maana yake. Mwezi wa Oktoba 1535 alimwandikia rafiki yake Justus Jonas habari za nyumbani. Akamweleza kwamba Katharina aendesha gari la farasi, atunza mashamba, anunua ng'ombe na kuwapeleka malishoni, apika pombe. Na katikati ya hayo yote ameanza kuisoma Biblia, naye Luther amemwahidi gulden 50 akiimaliza kabla ya Pasaka. Akaongeza kwamba anafanya bidii sana, amekwisha kufika mwanzo wa Kumbukumbu la Torati.

Gulden 50 zilikuwa fedha nyingi: robo ya mshahara wa mwaka alioupata Luther alipoanza kuoa. Kama alizipata, barua nyingine haikutuambia. Lakini fikirini kidogo, ndugu: Oktoba ni mwezi wa kuingiza mavuno katika nchi ile, kabla ya baridi kali. Wapangaji wako mezani, watoto watano hai, mdogo wao hajatimiza mwaka. Mwanamke huyu amepita katika Mwanzo, Kutoka, Walawi na Hesabu, vitabu ambavyo wengi wetu tulio na nafasi hukwama humo.

Hapa mwalimu wa darasa na asimame, akafungue Injili ya Luka sura ya 10, habari za Martha na Mariamu. Martha amesemwa vibaya katika mahubiri mengi. Ni kweli Bwana alimwonya. Alimwonya kwa kuwa alisumbuka kwa mambo mengi. Lakini tusipite upesi malalamiko yake, maana jambo alilolilalamikia ni kwamba ameachwa atumike peke yake. Katika nyumba za Kikristo tumefanya kosa la kuwasifu akina Mariamu huku tukingoja chakula cha Martha. Waulizeni wanaume wa darasa: siku ya ugeni, siku ya sikukuu, siku ya mkutano wa usharika, nani huteka maji, nani hukata majani ya ng'ombe, nani hukosa ibada kwa sababu ya sufuria iliyo motoni? Tena waulizeni vijana: mgeni akikaa juma zima, yeye mwenyewe hushika nini? Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa uchoyo. Jembe lile humpunguzia mwenyeji mzigo, na kumpunguzia mgeni aibu. Katharina alifikiri vivyo hivyo kwa njia yake; aliyekuwa na mali alitakiwa alipe, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuamka. Husimuliwa kwamba Luther alimwita nyota ya asubuhi ya Wittenberg, kwa kuwa aliamka saa kumi ya usiku.

Majira yaliyokuwa na shughuli kupita yote yalikuwa miaka ya 1540 hadi 1542, nasi twataka kuyatazama kwa karibu.

Mwanzoni mwa mwaka 1540 mimba ya Katharina iliharibika, akaugua hata watu wakakata tamaa. Kwa majuma mengi hakuweza kusimama, na alipopata nafuu alijikokota akishika viti na meza, kama mtoto ajifunzaye kutembea. Mwaka huo huo alinunua shamba. Jina lake ni Zülsdorf, upande wa kusini wa mji wa Leipzig, nalo lilikuwa mali ya ukoo wake. Kaka yake Hans alikuwa hawezi tena kulishika. Bei yake ilikuwa gulden 610, na mtawala wa Saxony, Johann Friedrich, akawasaidia gulden 600 na miti ya mialoni ya kujengea. Kutoka Wittenberg hata Zülsdorf ni safari ya siku mbili kwa gari la farasi, njia ikiwa njema.

Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amejaribu kukodi shamba lililo karibu zaidi, mahali paitwapo Boos. Barua yake ya mwezi wa Aprili 1539 kwa msimamizi wa mali ya mtawala ingaliko. Katika barua hiyo aomba akodishwe kwa malipo yale yale waliyolipa wengine, wala hataki kupewa upendeleo. Tunaitaja kwa kuwa barua zake zilizobaki ni chache sana, na katika zile alizomwandikia mumewe hakuna hata moja iliyohifadhiwa. Za mumewe kwake zipo. Kila mtu alitunza karatasi za Luther, hata wanafunzi waliokula mezani. Karatasi za yule aliyepakua chakula hazikumwingia mtu moyoni.

Huko Zülsdorf alikaa majuma kadha mfululizo, akisimamia ujenzi, upandaji na uvunaji, kisha akarudi na nafaka. Luther alimtania. Katika anwani ya barua ya Julai 1540 alimtaja kuwa bibi tajiri wa Zülsdorf, ambaye mwili wake wakaa Wittenberg na roho yake yatembea Zülsdorf. Kila mwenye shamba la mbali analijua jambo hilo. Ukiwa mjini wasikia mvua, wauliza kama imenyesha na kule; ukiwa kule wasikia sauti za watoto walio mjini.

Kwa nini mwanamke aliyetoka kitandani mwa mauti alijitwika shamba la siku mbili? Wako waliosema ni tamaa ya mali na ya cheo cha ukoo. Sisi hatuoni hivyo. Mshahara haukutosha meza ile. Bei za sokoni hupanda, na nafaka ya shambani haimwulizi mtu bei. Zaidi ya hayo, Luther alikuwa mzee mwenye maradhi mengi, na mkewe alikuwa mdogo kwake kwa miaka 15. Aliona lile ambalo wageni hawakuliona.

Ushahidi wa jinsi nyumba ilivyojaa tunao katika barua ya mtu wa nje. Mwezi wa Februari 1542 mtawala Georg wa Anhalt alitaka kwenda Wittenberg na kulala kwa Luther. Rafiki yake Georg Held akamwandikia kumshauri asifanye hivyo. Alimweleza kwamba nyumba ile imejaa wanafunzi, wasichana, wajane, wanawake wazee na watoto, na kwamba hakuna utulivu humo, hata wengi wamwonea huruma Luther. Twaona vema kwamba Luther alihurumiwa kwa makelele. Aliyewalisha wenye makelele hakutajwa.

Mwaka huo huo ilitozwa kodi kwa ajili ya vita juu ya Waturuki, na mali za Luther zikaorodheshwa. Katika orodha walikuwamo ng'ombe watano, ndama wakubwa tisa, nguruwe wanane pamoja na majike na watoto wao, na mbuzi mwenye watoto. Hiyo ndiyo hesabu ya mifugo ya mwanamke aliyefika mjini na nguo zake tu miaka 19 kabla yake.

Na mwezi wa Septemba, katikati ya shughuli hizo, binti yao Magdalena akaugua. Alikuwa na miaka 13. Kaka yake Hans aliitwa upesi kutoka shuleni Torgau, kwa kuwa walipendana sana. Tarehe 20 Septemba mtoto alifariki mikononi mwa baba yake. Maneno aliyoyasema Luther siku hiyo yaliandikwa, nayo yamewafariji wengi. Habari za mama zaliandikwa kwa kifupi tu: alikuwako chumbani, amesimama mbali kidogo na kitanda, akilia. Wageni hawakuacha kuja, na ng'ombe hawakuacha kutaka kukamuliwa.

Twarudi nyuma kidogo hata tarehe 6 Januari 1542, maana siku hiyo Luther alifanya jambo ambalo twapenda kila baba wa nyumba alijue. Aliandika wasia. Kwa sheria ya Saxony mjane alipata sehemu ndogo tu, na mali yalishikwa na wasimamizi kwa ajili ya watoto. Luther aliandika kinyume cha desturi hiyo: Zülsdorf iwe ya Katharina kwa maisha yake, na nyumba ndogo aliyoinunua iwe makao yake, na vikombe na vito vyote walivyopewa viwe vyake. Akatoa sababu. Amekuwa mke mwaminifu. Atalipa madeni ambayo hayajalipwa, nayo aliyakadiria kuwa kama gulden 450. Tena hapendi mama aitazame mikono ya watoto wake, bali watoto ndio waitazame mikono ya mama. Maneno hayo yalikuwa ya mtu aliyejua shamba limetoka kwa jasho la nani.

Lakini alikosea katika jambo moja. Hakupenda wanasheria, naye aliuandika wasia bila kufuata taratibu zao, akitumaini kwamba jina lake litatosha. Alipokufa Eisleben tarehe 18 Februari 1546, waziri wa mtawala, Gregor Brück, hakuupenda wasia ule. Alishauri nyumba kubwa iachwe, watumishi wapunguzwe, na wavulana walelewe kwingine; wala hakutaka Katharina anunue shamba jingine la Wachsdorf, karibu na mji. Mjane hakukubali. Alipigania watoto wake na udongo wake. Mwishowe Johann Friedrich mwenyewe aliuthibitisha wasia na kusaidia kununua Wachsdorf kwa ajili ya mama na watoto, ingawa wasimamizi waliwekwa. Wasia uliponea kwa hisani ya mtawala mmoja.

Ndugu walimu, msilipite jambo hili haraka. Si wajane wote walio na mtawala wa kuwatetea. Katika Tanzania sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 yasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata ardhi, kuitumia na kuitawala ni sawa na ya mwanamume. Hata hivyo ukoo unapokutana baada ya matanga hauanzi kwa kufungua kitabu cha sheria. Mwenye kutaka mkewe akae katika shamba walilolilima pamoja, na aandike angali hai, mbele ya mashahidi, kama sheria itakavyo, wala asitumaini heshima ya jina lake. Matendo ya Mitume sura ya 6 yatuonyesha kwamba kanisa la kwanza lilianza kunung'unikiana kwa sababu ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya meza ya kila siku. Wajane wanaosahauliwa mezani mara nyingi ndio wale waliozipanga meza zamani.

Yaliyobaki ya Katharina ni vita na deni. Mwaka ule ule wa 1546 vita ilizuka kati ya kaisari na watawala wa Kiinjili. Alikimbilia Magdeburg na watoto wake, akarudi, akakimbia tena mwaka 1547 hata Braunschweig. Aliporudi katikati ya mwaka alikuta mashamba yameharibiwa na majeshi na mifugo haipo. Kati ya watu wengi waliokula kwake, waliojitokeza kumsaidia walikuwa wachache; tunamtaja kwa heshima mfalme Christian wa Tatu wa Denmark, aliyekuwa akimpelekea Luther na wenzake fedha kila mwaka, na ambaye Katharina alimwandikia akiomba asisahauliwe. Alikopa fedha kwa kuweka mali rehani. Kisha akafanya lile alilolijua: akafungua vyumba, akapokea tena wapangaji, akapanga meza. Safari hii hapakuwa na mwalimu wa kusikilizwa kichwani pa meza. Palikuwa na chakula tu.

Mwaka 1552 tauni iliingia tena Wittenberg, na chuo kikuu kikahamia Torgau. Naye akafunga mizigo yake na watoto wake wawili wadogo, Paul na Margarete, akafuata njia hiyo hiyo. Njiani farasi waliruka kwa hofu. Aliruka kutoka garini ili kuwazuia, akaanguka katika shimo lenye maji baridi, akaumia. Alilala kitandani Torgau karibu miezi mitatu, akafariki tarehe 20 Desemba 1552, akiwa na miaka 53.

Amezikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria, mjini Torgau, mji ule ule alikotoka Koppe aliyemtorosha usiku wa Pasaka. Jiwe la kaburi lake lingaliko ukutani. Mchongaji alimchonga amesimama, amevaa joho na kilemba cha mjane, na mikononi ameshika kitabu kilichofunguliwa. Nyumba kubwa ya Wittenberg iliuzwa na watoto wake kwa chuo kikuu mwaka 1564. Siku hizi ni jumba la makumbusho, na wageni wengi wameingia humo kuiona meza.